Himaya Inayozama Mara Mbili kwa Siku: Kwa Nini Baadhi ya Ndege Wahamaji Hulinda Tope la Pwani

Katika hori ya Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, yakishakupwa mwezi wa Januari hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga, na juu yake ndege kwa maelfu waliofika kutoka Siberia, Asia ya Kati na pwani za Arabuni ili kuukimbia msimu wa baridi wa kaskazini. Anayewatazama kwa darubini huona mambo mawili ambayo mwanzoni hayapatani. Sehemu moja vitwitwi kwa mamia wanadonoa bega kwa bega, kila mmoja akiwa karibu kumkanyaga mwenzake. Sehemu nyingine plova wa kijivu (Pluvialis squatarola), ndege mnene mwenye macho makubwa na kwapa nyeusi zinazoonekana anaporuka, yuko peke yake katika kipande cha tope ambacho kingeweza kulisha ndege wengi, na kila plova mwenzake anayekaribia hufukuzwa mbio. Huu si msimu wa kuzaa. Ndege huyu hana mwenza, hana kiota wala makinda ya kuyalinda. Mahali pake pa kuzalia ni tundra ya Aktiki, nyanda baridi zisizo na miti za kaskazini kabisa, na hatapaona tena hadi mwezi wa Juni. Kwa nini basi atumie nguvu zake kupigania tope ambalo baada ya saa chache litafunikwa na maji? Na mbona plova mwingine wa aina ileile, hatua mia mbili kutoka hapo, anakula katikati ya wenzake bila kumfukuza yeyote?

Swali la pili ndilo linalofungua fumbo. Kama kulinda eneo kungekuwa sifa ya kuzaliwa nayo ya kila plova, sawa na urefu wa mdomo au rangi ya kwapa, basi plova wote wangelinda. Ukweli ni kwamba himaya ya ndege wa pwani nje ya msimu wa kuzaa ni uamuzi unaofanywa na ndege mmoja mmoja, ambao hupimwa upya kila chakula, wavamizi, maadui na maji vinapobadilika. Ndiyo maana huwezi kuielewa kwa kuhesabu kundi. Huna budi kumfuata ndege mmoja kwa muda mrefu, na kujua hasa unachokiangalia.

Tuanze na hilo la kujua kinachoangaliwa, kwa sababu hapo ndipo maelezo mengi huvurugika. Mwaka 1939 mwanabiolojia wa Marekani G. K. Noble alipendekeza fasili fupi ambayo bado inatumika: himaya ni eneo lolote linalolindwa. Fasili hiyo ni nyepesi kuikariri lakini ni ngumu kuitumia kwenye tope, kwa kuwa ndege wa pwani hugombana kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na eneo. Sululu akimrukia mwenzake aliyekamata kaa, huenda anataka kumnyang'anya kaa huyo tu, na kaa akishadondoshwa au kumezwa ugomvi umekwisha. Ndege wengine hudai nafasi inayowazunguka popote walipo; wakihama nafasi hiyo huhama nao, na hakuna mahali maalumu panapolindwa. Wengine wana daraja: mkubwa humwondoa mdogo kwenye windo zuri, kisha huondoka yeye mwenyewe na asirudi tena. Mfano uliochunguzwa sana wa jambo hili ni ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu, Haematopus ostralegus, ambao John Goss-Custard na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi katika mlango wa mto Exe, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakila kome. Ndege wanyonge walipata chakula kidogo zaidi kadiri wenzao walivyozidi kuongezeka karibu nao, na wababe hawakuathirika kwa kiasi hicho. Hapo kuna ubabe na kuna hasara, lakini hakuna mpaka.

Ili tuite jambo himaya, mambo matatu lazima yaonekane kwa pamoja: ndege yuleyule arudi mahali palepale maji yanapokupwa mara kwa mara, wenzake wa aina yake wasipatumie, au wapatumie kwa nadra na kwa kujificha, na kutokuwepo kwao hapo kutokane na yeye kuwafukuza, si kwa bahati wala kwa upungufu wa chakula. Kati ya hayo, kipimo kizuri zaidi ni mahali ambapo mbio zinakoma. Mnyang'anyi huacha kufukuza windo linapotoweka, na mwenye kudai nafasi huacha mara tu pengo linapotosha, ilhali mwenye himaya humsindikiza mvamizi hadi kwenye mstari fulani na kusimama hapo, hata kama mvamizi bado yuko karibu. Kesho yake, au baada ya bamvua nyingine, husimama katika mstari uleule: pengine ukingo wa mfereji, pengine mche wa mkoko uliosimama peke yake, au mahali ambapo tope linakutana na mchanga. Majirani wawili wenye mpaka mmoja wana namna yao ya kuuthibitisha. Hutembea sambamba, kila mmoja upande wake, vichwa vimeinamishwa na migongo imeinuliwa kidogo, mara nyingi bila kugusana, kisha kila mmoja hugeuka na kurudi kula. Asiye na subira huona ndege wawili wanatembea na hawafanyi lolote, na kumbe huo ndio mpaka wenyewe unaochorwa mbele ya macho yake.

Tukija kwenye sababu, hesabu ya msingi iliwekwa na Jerram Brown mwaka 1964. Alisema kwamba mnyama atalinda kitu ikiwa tu faida ya kukimiliki peke yake inazidi gharama ya kukilinda. Gharama ni nguvu za kukimbiza, muda usiotumika kula, na hatari ya kuumia au kukamatwa na adui wakati macho yako kwa mpinzani. Chakula kikiwa kidogo mno, eneo halina thamani ya kulindwa. Kikiwa kingi mno, kila ndege wa ufuo huo atakitamani, na mwenye eneo atakuwa kama mlinzi ambaye mshahara wake unazidi bei ya bidhaa zote za duka analolinda. Himaya hustawi katikati ya hali hizo mbili, chakula kinapotosha kuleta faida lakini bado kinaweza kulindwa.

Nadharia hiyo ilipata mtihani mzuri huko Bodega Bay, California, ambako J. P. Myers, Peter Connors na Frank Pitelka walichunguza kitwitwi mweupe anayekimbia mbele ya mawimbi, Calidris alba, ambaye pia hufika kwenye fukwe zetu za mchanga. Majira ya baridi baadhi ya ndege hao waligawana ufuo kwa vipande, kila mmoja akilinda urefu fulani wa mchanga. Ilionekana wazi kwamba palipokuwa na chakula kingi vipande vilikuwa vifupi. Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba ndege mwenye chakula kingi hahitaji eneo kubwa, kwa hiyo hujitosheleza na kidogo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha jambo jingine. Walipotenganisha katika hesabu athari ya chakula na athari ya wavamizi, uhusiano wa moja kwa moja kati ya chakula na ukubwa wa himaya ulitoweka. Kilichobaki ni wavamizi. Chakula kingi kiliwavuta ndege wengi wasio na eneo, na msukumo wa ndege hao ndio uliobana mipaka. Mwenye eneo hakuridhika na kidogo. Alilazimishwa kubaki na kidogo kwa kuwa hakuweza kulinda zaidi.

Nimekaa sana kwenye mfano huo kwa sababu unaonya dhidi ya kosa la kawaida la kumsifu ndege kwa busara ya kujipimia, pale ambapo kinachofanya kazi ni shinikizo la majirani. Anayetazama plova mmoja mwenye kipande kidogo karibu na mdomo wa mfereji wenye minyoo mingi, na mwingine mwenye kipande kikubwa mbali huko, asiandike kuhusu mahitaji yao kabla ya kuhesabu ni mara ngapi kila mmoja anavamiwa kwa saa.

Gharama na faida hazielezi zenyewe kwa nini plova hulinda na vitwitwi wengi hawalindi. Sehemu kubwa ya jibu iko katika namna ya kuwinda. Plova huwinda kwa macho. Husimama kimya, hutazama, hukimbia hatua chache, hudonoa, husimama tena. Anachokitegemea ni mnyoo anayejitokeza kwa sekunde moja au kaa mdogo anayetoka shimoni, na wanyama hao hujificha mara wanaposikia mtikisiko wa miguu. Ndege mwingine akipita mbele yake kabla yake, chakula hakijaliwa lakini kimezama ndani ya tope na hakitaonekana kwa muda. Goss-Custard alilionyesha jambo hili mapema katika mlango wa mto Ythan, Uskoti, kwa ndege wa miguu myekundu Tringa totanus wanaokula vijidudu vya jamii ya kamba viitwavyo Corophium: hao hutawanyika wanapowinda kwa macho, kwa kuwa kila ndege anayetembea huwafanya vijidudu warudi chini kwenye vishimo vyao. Ndege anayewinda kwa kupapasa kwa mdomo, kinyume chake, hapungukiwi sana na mtikisiko wa jirani, kwa sababu windo lake limekwisha kuzikwa na halikimbii. Calidris canutus, ambaye hutafuta kome wadogo na konokono waliozikwa na ambaye mdomo wake una uwezo wa kuhisi shinikizo linalotokana na kitu kigumu ndani ya mchanga wenye maji, huishi kwenye makundi makubwa. Kwake jirani ni mlinzi wa ziada dhidi ya kozi, ndege mkali anayewinda ndege wengine, na pengine ni dalili ya mahali penye chakula.

Sululu (Numenius phaeopus), mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama tundu la kaa lilivyopinda, yuko upande wa plova. Kwenye kingo za mikoko, ambako kaa wenye gando moja kubwa hutoka kwa wingi tope likishakauka kidogo, sululu hukaa mbalimbali, na mtu aliyezoea sauti yao huwatambua kwa mlio wa haraka unaorudiwarudiwa mmoja anapoingia kwa mwenzake. Kaa hao wote huingia mashimoni kwa pamoja kivuli kinapopita, kisha hurudi juu mmoja mmoja. Kwa mwindaji wa namna hiyo, utulivu wa eneo una thamani sawa na idadi ya kaa waliomo, na utulivu haupatikani pasipo kuwaondoa wengine.

Uchunguzi uliofafanua zaidi tabia ya plova wa kijivu ulifanyika mbali na hapa, katika mlango wa mto Tees, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kwenye uwanda wa tope uitwao Seal Sands. David Townshend, Patrick Dugan na Michael Pienkowski waliwavalisha plova pete za rangi miguuni ili kila mmoja ajulikane kwa mbali, na mwaka 1984 walieleza walichokiona. Baadhi ya ndege walishika kipande kilekile karibu majira yote ya baridi, na waliporudi kutoka Aktiki mwaka uliofuata wakakishika tena. Wengine walilinda kwa wiki chache tu kisha wakaacha. Wengine hawakulinda kabisa, miaka yote, bali walikula huku na huku. Hizo ni njia tatu za maisha, ndani ya spishi moja na kwenye tope moja.

Kwa nini wengine washikilie kipande hata siku ambazo chakula ni kidogo? Dugan alieleza sehemu ya jibu kwa kuangalia upepo. Himaya zilizolindwa kwa muda mrefu zilikuwa na mifereji iliyochimbwa na maji yanayokupwa. Siku tulivu plova walikula juu ya uwanda wazi. Siku za upepo mkali, ambapo kusimama wazi ni kazi na uso wa tope hausomeki, waliingia ndani ya mifereji na kula humo kwa kujikinga. Mwenye himaya alikuwa analinda bima ya siku mbaya, na siku nzuri alionekana analinda kitu asichokitumia. Anayetazama kwa wiki moja ya hali ya hewa tulivu angeandika kwamba ndege huyo anapoteza nguvu bure. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki hakuna baridi ya Tees, lakini kaskazi nayo huvuma kwa nguvu alasiri nyingi, na nadhani yeyote anayechora ramani ya himaya za plova Mida au kwenye delta ya Rufiji angefaidika kuweka mifereji kwenye ramani hiyo kabla ya kuweka ndege.

Townshend aliongeza jambo kuhusu vijana. Plova waliofika kwa mara ya kwanza wakati wa vuli walikuta sehemu nyingi zimekwisha kushikwa na wakubwa. Baadhi walifaulu kujipatia kipande. Waliobaki waliishia kutangatanga au kuendelea na safari kwenda mahali pengine. Matokeo ya majaribio hayo ya miezi ya mwanzo yalielekea kudumu: ndege aliyeshika kipande akiwa kijana aliendelea kurudi, na aliyekosa aliendelea na maisha ya kutolinda. Kwa hiyo tofauti tunayoiona leo kati ya plova wawili wakubwa huenda iliamuliwa miaka kadhaa iliyopita, kwa mapambano ambayo hatukuyashuhudia.

Kuna nguvu nyingine inayoweza kufuta himaya mara moja, nayo ni kozi. Ndege aliye peke yake kwenye tope ana macho mawili tu ya kumwona adui, na hana wenzake wa kujichanganya nao. Myers aliona huko Bodega Bay kwamba majira ambayo kozi mdogo, Falco columbarius, alikaa na kuwinda ufuoni, vitwitwi weupe waliacha kugawana ufuo na kuungana kwenye makundi. Chakula kilikuwepo, kilichobadilika ni gharama ya upweke. Ndiyo sababu haifai kusema kwamba spishi fulani "ina himaya" au "haina", isipokuwa useme pia ni wapi, msimu gani, na mbele ya maadui gani.

Kwa ndege wa pwani himaya ina jambo la ajabu ambalo ndege wa msituni hawalijui: huzama. Mzunguko wa maji una muda wa saa kumi na mbili na dakika takriban 25, kwa hiyo saa ya kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, na kwenye bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani yetu huzidi mita 3. Maji yakijaa, mahasimu waliokuwa wakifukuzana asubuhi husimama pamoja kwenye fungu moja la mchanga, mbawa karibu kugusana, wakingoja. Uadui wao ni wa mahali na saa. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua mbili ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu, sehemu za chini za uwanda hazifunuki kabisa kwa siku kadhaa, na mwenye kipande huko chini hana kitu cha kulinda. Ukimkuta siku hizo ndani ya kundi sehemu za juu, usihitimishe kwamba ameacha himaya yake. Rudi bamvua ijayo.

Isitoshe, karibu nusu ya muda wa tope kuwa wazi huangukia usiku. Plova na sululu hula usiku pia. Jane Turpie na Phil Hockey walilinganisha ulaji wa mchana na wa usiku wa spishi hizo mbili katika mlango wa mto Swartkops, Afrika Kusini, na huko Venezuela Raymond McNeil na Guy Rompré walieleza mwaka 1995 kwamba sululu na jamaa yake mmoja wa Amerika walilinda maeneo yao ya kula mchana na usiku. Ripoti nyingi za watazamaji, zikiwemo za pwani yetu, ni ripoti za mchana. Hilo si kosa la mtu, kwa kuwa tope la mikoko gizani si mahali pa kutembelea ovyo, lakini ni sababu ya kuandika kwa uangalifu: unachokijua ni matumizi ya mchana ya kipande hicho.

Hapo tunafika kwenye namna ya kutazama. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, anayefahamika zaidi kwa utafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, alichapisha makala kuhusu mbinu za kurekodi tabia za wanyama ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi ya aina hii. Hoja yake kuu inawahusu sana watazamaji wa ndege. Mtu akiandika kila kinachovuta macho yake, ataandika mapigano, kwa sababu mapigano yana mbio na kelele. Ndege anayekula kimya kwa saa nzima hataandikwa. Sasa fikiria himaya iliyokwisha kukubalika na majirani wote: haina mapigano, au inayo machache sana. Himaya imara kuliko zote ndiyo isiyoonekana kabisa kwa mwandishi wa matukio, na himaya dhaifu inayogombaniwa ndiyo inayojaza daftari. Dawa aliyoielekeza Altmann ni kumchagua mnyama mmoja kabla, kumfuata kwa muda uliopangwa, na kuandika yote anayoyafanya, yakiwemo ya kuchosha.

Kwenye tope hilo humaanisha kufika kabla maji hayajakupwa, kukaa mahali pamoja ambapo jua liko mgongoni, na kuona nani anatua wapi tope la kwanza linapochomoza, maana mwenye kipande mara nyingi husubiri karibu na kuingia mapema. Alama za kudumu kama miti ya mikoko, mawe, mitego ya samaki na vigingi vya wakulima wa mwani huwekwa kwenye mchoro, na kila dakika chache nafasi ya ndege huwekwa nukta. Baada ya kupwa kadhaa nukta hizo huanza kuonyesha umbo. Pasipo pete za rangi, baadhi ya ndege hujulikana kwa kasoro ya unyoya au namna ya kuchechemea, ingawa uhakika wa namna hiyo hupungua manyoya yanapobadilika. Shirika la A Rocha Kenya, lenye makao Watamu, limekuwa likiwavalisha pete ndege wa pwani huko Mida. Yeyote anayeona pete mguuni na kuisoma vizuri, akaiandika pamoja na tarehe na mahali hasa, ametoa ushahidi wenye thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo ya ugomvi.

Mfano mmoja wa hapa kwetu unahitaji tahadhari ya peke yake. Dromas ardeola, ndege mrefu mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, huzaa pwani za Bara Arabu na Bahari ya Shamu, akitaga yai moja ndani ya tundu alilochimba mchangani, kisha wengi hutumia miezi ya baridi Barr al Hikman huko Oman, na wengine hushuka hadi Mida, Zanzibar, Mafia na Madagaska. Tofauti na karibu ndege wote wengine wa pwani, mzazi huendelea kumlisha kinda wake hata huku mbali na mahali pa kuzaa, kwa miezi. Mtazamaji ataona ndege wawili wasioachana, mmoja akilialia na kuinama, na mkubwa akimwondoa mgeni anayesogea. Kuiita hali hiyo himaya ya chakula ni haraka mno: huenda kinacholindwa ni kaa aliye mdomoni, au kinda, na vyote viwili hutembea. Kipimo ni kilekile cha mbio kukoma kwenye mstari mmoja, na hapa kinahitaji kutumiwa kwa ukali zaidi.

Sensa ya ndege wa majini barani Afrika, inayofanywa kila Januari na kuratibiwa na Wetlands International, kwa kawaida huhesabu ndege wa pwani wanapokusanyika maji yakijaa, na hiyo ndiyo njia sahihi ya kupata idadi. Haiwezi kueleza mgawanyo wao tope likiwa wazi. Kwa vitwitwi wa makundi, kufukiwa kwa sehemu ya uwanda kunaweza kufidiwa kwa kiasi fulani na msongamano zaidi kwingineko. Kwa ndege wa himaya hesabu ni tofauti, kwa kuwa vipande jirani tayari vina wenyewe, na aliyeondolewa hawi mmoja wa wengi anayesogea kidogo. Anaanza upya kama mgeni. Sehemu kubwa ya Seal Sands yenyewe ilifukiwa miaka ya 1970 kwa ajili ya viwanda, kwa hiyo watafiti wa Tees hawakuwa wakijadili jambo la kufikirika. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, lina tope ambalo binadamu nao hulitumia katika saa zilezile za kupwa, wanawake wanaochokoa pweza na kuokota kome wakiwemo. Mtu anayepita huwafanya ndege wote waruke, lakini matokeo hayalingani: kundi hutua mahali pengine na kuendelea, wakati mwenye kipande hana budi kungoja karibu au kuingia kwa jirani na kufukuzwa.

Kuna jaribio moja la asili ambalo mtazamaji yeyote anaweza kulitumia bila kumgusa ndege. Wenye himaya hufa, huliwa na kozi au huondoka mapema, na kipande kikabaki wazi katikati ya msimu. Andika siku ya mwisho uliyomwona mwenyewe, kisha endelea kukitazama kipande hicho kila maji yanapokupwa. Kikijazwa ndani ya siku chache na ndege ambaye hapo awali hakuwa na mahali, basi kulikuwa na foleni, na plova yule aliyekuwa akila kwenye kundi bila kumfukuza yeyote alikuwa anangoja. Majirani wakisukuma mipaka yao hadi ikutane, ulinzi ulikuwa wa kweli lakini hapakuwa na wasio na makao karibu. Kikibaki kitupu hadi ndege waondoke mwezi wa Aprili, itabidi urudi kwenye daftari na kuangalia upya kama ulichokiita mpaka kilikuwa mpaka.